Abiria 33 wa Mwisho: Kipato cha Dereva wa Daladala na Gharama za Maisha

Na Ofisa Habari wa Halmashauri

Katika mikutano ya hadhara ya kata zetu, malalamiko kuhusu usafiri hufanana. Wananchi hueleza kuwa daladala hujaza abiria kupita kiasi, hukatisha ruti jioni, hukimbizana barabarani na kuwaacha wanafunzi vituoni. Malalamiko hayo ni ya haki, na kila moja lina sheria inayolihusu. Hata hivyo, mara chache swali linaloyatangulia huulizwa: dereva yule analipwa nini, na analipwaje?

Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo. Nia yake si kuhalalisha makosa ya barabarani. Lakini anayetaka huduma ibadilike hana budi kuelewa kwanza inavyoendeshwa, na daladala huendeshwa kwa utaratibu mmoja ambao abiria wengi hawauoni, ingawa wao ndio wanaougharimia kila siku. Utaratibu huo unaitwa hesabu.

Hesabu ni nini

Katika ajira iliyozoeleka, mwenye mali humlipa mfanyakazi. Katika daladala mambo huenda kinyume: mfanyakazi ndiye anayempelekea mwenye mali fedha. Mmiliki, ambaye madereva humwita tajiri, humkabidhi dereva gari na kumpangia kiasi maalumu cha kurejesha kila jioni. Kiasi hicho ndicho hesabu. Dereva hununua mafuta, hulipa ushuru wa stendi, huwapa wapiga debe chao, husafisha gari na kula pamoja na konda wake. Kinachosalia baada ya hayo yote, kikisalia, ndio ujira wa dereva na konda.

Utaratibu huu una historia. Mwaka 1974 Serikali ilianzisha Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, ambalo madereva wake walikuwa waajiriwa wenye mishahara. Mabasi yalipozidi kupungua, mwaka 1983 watu binafsi waliruhusiwa kusafirisha abiria jijini. Nauli yao ya shilingi 5, sarafu iliyokuwa ikiitwa dala, ndiyo iliyozaa jina la daladala. Jina hilo lilienea nchi nzima, na hesabu ikaenea pamoja nalo.

Daftari la siku moja

Dereva mmoja anayefanya kazi kati ya stendi yetu na mjini alikubali kutufungulia daftari lake, kwa sharti kwamba jina lake na la tajiri wake yasitajwe. Ana umri wa miaka 41, mke na watoto watatu. Anaendesha Hiace. Huamka saa 9:30 usiku, hulichukua gari saa 10:30 alfajiri na kulirejesha saa 1:30 usiku. Hizo ni saa 15. Katika siku aliyoiita ya kawaida, gari lilikwenda tripu 16 za kilometa 10 kila moja, na konda alikusanya shilingi 136,000. Matumizi yalikuwa haya:

Mafuta: shilingi 52,000
Hesabu ya tajiri: shilingi 50,000
Ushuru wa stendi: shilingi 2,000
Wapiga debe: shilingi 3,000
Kuosha gari: shilingi 3,000
Chakula cha dereva na konda: shilingi 6,000

Jumla ni shilingi 116,000. Zilizobaki zilikuwa 20,000. Dereva alichukua 12,000 na konda 8,000.

Tuzitazame tarakimu hizo kwa jicho la kituoni. Kwa nauli ya mtu mzima ya shilingi 600, mapato ya siku ile ni sawa na abiria 227 hivi. Nauli za abiria 194 wa kwanza ziliishia kwenye mafuta, hesabu na matumizi mengine. Abiria 33 wa mwisho ndio walioendesha maisha ya familia mbili. Dereva hajui ni wapi hasa mstari huo utavukwa, lakini anajua kwamba upo, na kwamba mara nyingi huvukwa jioni, giza likishaingia. Hapo ndipo abiria anaposhangaa kwa nini gari lililojaa linasimama tena.

Siku ya mvua

Katika daftari hilo kuna ukurasa wa siku nyingine. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, barabara ya vumbi ikawa tope, na tripu zikapungua kutoka 16 hadi 14, baadhi zikiwa na viti vitupu. Makusanyo yalikuwa shilingi 104,000. Mafuta yalichukua 46,000 na wapiga debe 2,000. Ushuru, kuosha gari na chakula havikubadilika. Hesabu nayo haikubadilika: ilibaki 50,000. Jumla ya matumizi ikawa shilingi 109,000. Dereva na konda walifanya kazi kutwa, wakarudi nyumbani mikono mitupu, na dereva akabaki na deni la shilingi 5,000 kwa tajiri.

Hapa ndipo kiini cha jambo lenyewe. Mapato ya gari yalipungua kwa shilingi 32,000, yaani chini ya robo. Kipato cha wafanyakazi hakikupungua kwa robo, kilitoweka chote. Sababu ni kwamba hesabu haisogei. Mvua, foleni, pancha, msiba uliopunguza wasafiri, mafuta yaliyopanda bei Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inapotangaza bei mpya: yote haya humwangukia aliyeshika usukani. Kwa lugha nyepesi, tajiri amekodisha gari, na dereva amenunua hatari.

Mwezi mzima na nyumba moja

Katika mwezi tulioupitia, gari lilikuwa barabarani siku 24. Siku 20 zilikuwa za kawaida na zilimpa dereva shilingi 240,000. Siku tatu hakupata kitu, na siku moja, ile ya mvua, iliacha deni la 5,000. Mwezi ulifungwa kwa shilingi 235,000. Tukizigawa kwa saa 360 alizofanya kazi, tunapata takribani shilingi 650 kwa saa. Dereva huyu, anapoendesha saa nzima, hujipatia zaidi kidogo ya nauli ya abiria mmoja.

Nyumbani, hesabu ni nyingine. Kodi ya vyumba viwili ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Chakula cha watu watano, kwa shilingi 5,000 kwa siku, ni 150,000. Mkaa na gesi ni 30,000. Maji na umeme ni 15,000. Daftari, sare zinazoshonwa upya na michango ya shule ni 20,000. Elimu ya sekondari hadi kidato cha nne haina ada tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na sita tangu mwaka 2022. Hilo limempa nafuu kubwa, kwani mtoto wake wa kwanza yuko kidato cha tatu. Hata hivyo, jumla ya mahitaji ni shilingi 275,000.

Pengo ni shilingi 40,000, na hulizibwa na vitumbua ambavyo mkewe huuza asubuhi nje ya nyumba. Tuliyokuwa tukiyaita mapato ya dereva kumbe ni mapato ya dereva na mama wa vitumbua. Katika orodha hiyo hamna dawa, hamna viatu, hamna fedha ya kumtumia mama mzazi kijijini, na hamna akiba. Katika daftari ipo safu yenye neno "akiba" iliyopigwa mstari kwa rula. Kwa mwezi ule ilikuwa tupu kuanzia juu hadi chini.

Mwezi uliotangulia, mtoto wa mwisho alilazwa kwa malaria kwa siku mbili. Baba alitaka kukaa naye. Siku ya kwanza alimpa gari deiwaka, dereva wa kushikiza anayesubiri stendi kwa ajili ya nafasi kama hiyo. Siku ya pili aliogopa. "Ukimpa deiwaka siku mbili, Afisa, siku ya tatu tajiri anaweza kuona hakuna tofauti," alituambia. Akarudi kazini, na mkewe akabaki wodini. Vitumbua havikuuzwa siku zote mbili.

Kwa nini nauli ikipanda dereva haneemeki

Wananchi wengi huamini kwamba nauli inapopandishwa, dereva ndiye anayefaidi. Nauli hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua sehemu ya majukumu yaliyokuwa ya SUMATRA. Mwezi Mei 2022, nauli ya daladala isiyozidi kilometa 10 ilipanda kutoka shilingi 400 hadi 500. Tarehe 8 Desemba 2023 ikapanda tena hadi 600. Nauli ya mwanafunzi ilibaki 200.

Dereva wetu anasema kuwa baada ya ongezeko la pili, tajiri alipandisha hesabu kutoka 40,000 hadi 50,000, na bei ya mafuta ikameza sehemu kubwa ya kilichobaki. Hakuna sheria inayosema ongezeko la nauli ligawanywe vipi kati ya mwenye gari na mwenye usukani. Hesabu hupangwa kwa maneno ya mdomo kati ya watu wawili, na mmoja wao anaweza kubadilishwa kesho asubuhi.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kadhia ya wanafunzi. Mwanafunzi analipa shilingi 200 kwa kiti ambacho mtu mzima angelipia 600. Pengo ni shilingi 400. Wanafunzi 20 kwa siku wakichukua nafasi za watu wazima, pengo linakuwa shilingi 8,000, ambazo ni ujira mzima wa konda. Haya si maelezo ya kumwacha mtoto kituoni. Kumkataa mwanafunzi ni kosa, na litaendelea kuwa kosa. Lakini yafaa tujue kuwa nafuu ambayo jamii imempa mtoto wake hailipwi na jamii nzima. Kwa utaratibu wa hesabu hulipwa na dereva na konda.

Upande wa mwenye gari

Haki inataka tajiri naye asikilizwe. Mmiliki tuliyezungumza naye alinunua gari lake kwa mkopo. Hulipa bima, leseni ya usafirishaji, kodi na marejesho ya benki, na hununua matairi na vipuri ambavyo barabara zetu huvimaliza kabla ya wakati. Gari likilala gereji, hesabu hailetwi lakini benki haisubiri. Alipoulizwa kwa nini hamlipi dereva mshahara, jibu lake lilikuwa fupi: hana njia ya kujua konda amekusanya kiasi gani. Hesabu, kwake, ni kinga dhidi ya kudanganywa.

Hoja hiyo ina uzito. Ila ukiitazama vizuri utaona kwamba tatizo lake ni la taarifa, si la fedha. Palipo na tiketi zinazohesabika, mshahara unawezekana. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, huendeshwa na madereva walioajiriwa.

Sheria inasema nini

Madereva wengi, na hata wamiliki, hudhani kuwa asiye na mkataba wa maandishi hana haki za mwajiriwa. Dhana hiyo si sahihi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaweka dhana ya ajira: mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo angalau jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa. Miongoni mwa mambo hayo ni kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, kumtegemea mwingine kiuchumi, kutumia vifaa vya kazi alivyopewa na mwingine, na kumfanyia mtu mmoja kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Msomaji na apime mwenyewe ni mangapi kati ya hayo yanamhusu dereva aliyekabidhiwa gari na kupangiwa hesabu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inampa mwajiriwa haki hizi za msingi:

Saa za kawaida za kazi zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Dereva wetu, kwa saa 15 katika siku sita, hufikisha saa 90, yaani mara mbili kamili.
Mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki.
Likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo.
Maelezo ya kazi yake kwa maandishi kutoka kwa mwajiri.

Zaidi ya hayo, Serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi, na usafirishaji una kiwango chake. Mwajiri hutakiwa kumchangia mfanyakazi katika NSSF, ambako jumla ya michango ni asilimia 20 ya mshahara, pamoja na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Ili kupata pensheni ya uzee NSSF, mwanachama anatakiwa kuwa amechangia miezi 180. Dereva wetu ameshika usukani kwa miaka 16, yaani miezi 192. Laiti angechangiwa tangu mwanzo, sharti hilo angekuwa amelitimiza. Mpaka sasa hajachangiwa hata mwezi mmoja.

Suala hili si geni kitaifa. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyewachunguza wafanyakazi wa daladala Dar es Salaam kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu mwaka 2017, aliwakuta wengi wao hawana mikataba na hufanya kazi kwa saa nyingi mno. Tarehe 10 Aprili 2015, madereva wa mabasi walipogoma katika sehemu mbalimbali za nchi wakipinga sharti la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, madai ya mikataba ya ajira yalikuwa sehemu ya kilio chao.

Nini kinaweza kufanyika hapa kwetu

Ni vyema kusema wazi mipaka ya Halmashauri. Haipangi nauli, hilo ni jukumu la LATRA. Haipangi mishahara ya sekta binafsi. Lakini ina stendi, ina ushuru inaoukusanya, na ina wajibu wa kuwakutanisha watu. Shilingi 2,000 katika daftari lile zilikuja kwetu, na dereva anayo haki ya kuuliza choo cha stendi na taa zake zimefikia wapi.

Yapo mambo manne yasiyohitaji kusubiri sheria mpya.

La kwanza, mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja. Utaje gari, kiasi cha hesabu, siku ya mapumziko, nani hulipia matengenezo, na nini hufanyika gari likilala gereji au mmoja akiugua.

La pili, hesabu inayosogea. Baadala ya kiasi kisichobadilika, pande mbili zinaweza kukubaliana asilimia ya mapato baada ya mafuta, au kiasi cha chini kwa siku za mvua na Jumapili. Siku mbaya ingegawanywa kwa wawili badala ya kumwelemea mmoja.

La tatu, hifadhi ya jamii. Dereva ambaye bado hajachangiwa na mwajiri anaweza kujiandikisha NSSF mwenyewe kwa utaratibu wa waliojiajiri. Kujiandikisha huko hakumwondolei mwajiri wajibu wake.

La nne, umiliki. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Madereva na makonda wenye sifa wanaweza kuunda kikundi na kuomba. Maelezo hutolewa na Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Pale ambapo haki imevunjwa, mlango wa kwanza ni ofisi ya kazi ya mkoa. Migogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufungua shauri. Kwa madai mengine ni siku 60. Wengi hupoteza haki zao kwa kuchelewa.

Nasi abiria tuna sehemu yetu. Tukatae kupanda gari lililojaa, kwa kuwa uchovu wa saa ya kumi na nne na mzigo uliozidi havipaswi kukutana kwenye usukani mmoja. Tulipe nauli kamili bila kuvutana na konda. Gari likikatisha ruti, tuandike namba zake na kutoa taarifa LATRA au kwa trafiki, badala ya kuishia kutukana. Na katika mikutano mikuu ya vijiji, tunapoiweka ajenda ya usafiri, tumwalike na dereva.

Tulipomrudishia daftari lake, dereva alituuliza kama kifungu cha 61 kinaweza kuandikwa kwenye karatasi ili amwonyeshe tajiri. Tulikiandika. Alikikunja, akakiweka ndani ya jalada la daftari, akasema ataitafuta siku nzuri ya kukitoa. Kisha akatazama saa: zilikuwa zimebaki tripu tano, na hesabu ilikuwa haijatimia.